Shangazi, mdogo wangu amebadilika ndani ya wiki 3, huyu anasema jini yule anasema Butabika

Shangazi shikamoo,

Naandika kutoka Busia, huku upande wetu wa Uganda. Sijalala vizuri siku nyingi, nikichanganya maneno unisamehe. Ni kuhusu mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 20, nimemlea mimi tangu baba afariki. Alimaliza Senior 6 akaanza kunisaidia saluni hapa karibu na steji ya taksi, na huyo mtoto kwa kusuka Shangazi, watu walikua wanavuka mpaka kutoka Kenya kuja kumtafuta yeye, mimi mwenye saluni wananipita hapo mlangoni.

Ilianza na kichwa. Wiki nzima kichwa kinauma na homa ya kuja na kurudi, tukapima malaria kipimo kikasema hakuna, lakini tukanunua dawa za malaria tu, si unajua vile tunafanya. Homa ikaisha, usingizi nao ukapotea. Saa 8 usiku namkuta amekaa kitandani anasikiliza ukuta, anasema jirani ameficha simu ndani ya ukuta anamrekodi. Akawa anaongea mbio mbio, anahubiri, anacheka, analia, yote ndani ya dakika 10. Na huyu ni mtu hajawahi kuonja hata bia, na kwetu hakuna aliyewahi kuugua akili.

Siku niliyoogopa kabisa ni hii. Alikua anamsuka mteja biswahili, ile mistari ya kurudi nyuma tu, kitu anasuka tangu ana miaka 11. Amefika nusu ya kichwa akasimama. Mikono imening'inia. Akaniuliza, dada hapa inafuata nini? Nikadhani utani. Halafu akainua kitana akakiangalia kweli kweli akaniuliza, hii inaitwaje? Mteja akaondoka na nusu kichwa.

Mama ni mulokole, akampeleka kwa maombi siku 4, za kufunga, bila kula. Mjomba akasema ni jini, akaleta mtu wake wa kuchanja. Mwisho nikampeleka kliniki moja, wakamchoma sindano ya kutuliza, wakaniandikia jina lake, haloperidoli, wakasema huyu ni wa Butabika, ile hospitali ya akili ya Kampala. Kesho yake akakakamaa mwili mzima kama mti, jasho linatiririka, mwili moto. Tangu hapo ni siku 5 haongei kabisa. Mdomo unatafuna lakini hakuna kitu ndani, ulimi unatoka unarudi, na mkono wa kulia Shangazi unasuka. Kweli tena, vidole vinasuka hewa mchana kutwa. Jumatano akaanguka kama mtu wa kifafa, akang'ata ulimi. Usiku anataka kutoka nje kwa hiyo mjomba amemfunga kamba.

Mama anasema tungoje maombi ya Jumapili. Mjomba anataka tuuze cherehani na draya ya saluni tulipe mganga. Kaka yuko Kampala anasema leteni Butabika. Mimi nimeandika tarehe zote nyuma ya daftari la saluni maana kichwa changu hakishiki tena. Huu ni wazimu kweli? Ama nilimchosha na kazi? Na akiingia Butabika si ndio jina limeharibika, nani atamuoa?

Dada mtu, Busia

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Wasomaji wajue kwamba hii barua niliisoma saa 4 usiku na sikungoja siku ya safu, nilimjibu huyu dada pale pale kwenye simu: mfungue hiyo kamba, mmoja ashike mkono mmoja na mwingine ashike wa pili, mtafute gari muende hospitali ya rufaa usiku huu, msingoje Jumapili. Asubuhi akanijibu kwamba wako njiani kwenda Mbale. Kwa hiyo haya ninayoandika sasa ni ya kumsaidia akifika mbele ya daktari, na ni ya wengine wenye mtu ndani ya nyumba anayefanana na huyu, maana najua mpo.

Mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi za akili miaka mingi kabla ya kustaafu. Sijamuona mdogo wako, na kwa barua hakuna anayeweza kusema ugonjwa ni huu kwa uhakika. Lakini nilipofika pale kwenye vidole vinavyosuka hewa niliweka simu chini kwanza.

Kuna ugonjwa unaitwa ensefalitisi ya otoimuni. Maana yake ni kwamba kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, inakosea inaugeukia ubongo wa mwenyewe. Ziko aina nyingi, ila inayojulikana zaidi, hasa kwa wasichana wa umri wa mdogo wako, inahusu vipokezi vya NMDA, hivi ni vijimlango vidogo kwenye seli za ubongo vinavyotusaidia kukumbuka, kupanga mawazo na kujua kipi ni kweli na kipi ni ndoto. Kama umewahi kuona mtu anaamka kutoka oparesheni aliyopewa ketamini, ile dawa ya usingizi hospitali zetu zinaitumia sana, anaongea mambo ya ajabu, anaona watu hawapo, macho yako wazi lakini hayupo, basi ketamini inafunga vijimlango hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba ketamini inaisha baada ya muda mfupi. Huyu mtoto yeye mwili wake wenyewe unatengeneza kitu cha kuvipunguza, kila siku, na mara nyingi hakiishi bila matibabu.

Na huu si ugonjwa wa juzi, ila jina lake ni la juzi. Ni 2007 ndipo daktari Josep Dalmau na wenzake huko Marekani walieleza wanawake 12 walioanza na mambo ya wazimu, kusahau, kifafa, wengine wakashindwa hata kupumua wenyewe, na kwenye damu au maji ya uti wa mgongo wa wote wakakuta antibodi, yaani silaha za kinga ya mwili, zinazoshambulia vipokezi hivyo. Kabla ya hapo wengi walikua wanaitwa vichaa tu, ama wenye mapepo. Mimi nilianza kazi kabla ya 2007 na naomba mnielewe nikisema kwamba kuna sura za wasichana wawili watatu ninazokumbuka, walioletwa wakiwa wanatafuna hewa, na siku hizi nikilala najiuliza.

Sasa mnanielewa vibaya mkisema Shangazi amesema kila kichaa ni ensefalitisi. Hapana, hapana. Wagonjwa wengi wa akili wana ugonjwa wa akili wa kawaida na dawa za wodi ya akili zinawasaidia sana, usiende kumtoa ndugu yako Butabika kwa sababu ya hii barua. Ninachosema ni kwamba kuna namna ya kuja ambayo lazima ikushtue. Skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti, kwa kawaida inakuja polepole, mtu anajitenga miezi na miezi, masomo yanashuka, ndipo sauti zinaanza. Huyu amebadilika ndani ya wiki 3, na madaktari wanahesabu chini ya miezi 3 kuwa ni haraka. Alianza na kichwa na homa, jambo ambalo wagonjwa wengi wa NMDA wanalo siku chache kabla, sisi tunaliita malaria tunapita. Kumbukumbu imekatika, na si kusahau mambo ya shule, amesahau kazi ya mikono yake na jina la kitana. Aliongea mbio halafu akanyamaza kabisa. Mdomo na mkono vinajiendesha vyenyewe. Kifafa kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Sindano ya kutuliza ikamkakamaza. Moja ya hizo peke yake inaweza kuwa kitu kingine, lakini zikija zote pamoja kwa msichana wa miaka 20, ubongo unatakiwa uchunguzwe kabla mtu hajaandika neno wazimu kwenye faili.

(Kwa watoto wadogo mara nyingi inaanza na kifafa au kujinyonganyonga mwili kabla ya tabia kubadilika. Na wanaume wanaugua pia, ingawa kati ya wagonjwa 5 wa NMDA karibu 4 ni wanawake.)

Hiyo sindano. Siwalaumu waliompa, mtu anapiga kelele usiku unafanyaje, na haloperidoli ni dawa nzuri kwa wengi. Lakini wagonjwa wa aina hii miili yao inaikataa kirahisi, na kukakamaa pamoja na joto na jasho ni hatari inayoweza kuua. Kwa hiyo kitu cha kwanza utakachomwambia daktari, kabla hata ya historia yote, ni hiki: alichomwa haloperidoli tarehe fulani na kesho yake akakakamaa. Onyesha ile karatasi. Kama ana maneno mengine ya kukuuliza atakuuliza baadaye.

Halafu piga video. Najua unaona aibu kumrekodi mdogo wako katika hali hiyo, lakini huo mkono unaweza kutulia pale pale daktari akiingia, na wewe kwa maneno hutaweza kuuonyesha. Dakika 1 inatosha, usimtumie mtu yeyote kwenye WhatsApp, ni ya daktari tu.

Hospitali wataanza na vitu vya kwetu, na wasilaumiwe, ni sawa kabisa: malaria, HIV, kaswende, sukari, maambukizi ya kawaida, kama ana mimba. Kisha watasema wanataka kutoa maji ya uti wa mgongo. Hapo ndipo naomba unisikilize vizuri, maana najua mjomba atasimama aseme mtu akitolewa maji ya mgongo anakufa. Nimesikia hiyo maisha yangu yote. Inatoka wapi? Inatoka kwenye kwamba zamani watu walikubali sindano hiyo mgonjwa akiwa tayari anakata roho, basi akifa tunasema ni sindano. Wanaingiza sindano sehemu ya chini ya mgongo, usawa wa kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha, wanachukua maji kidogo tu, na shida inayokuja mara nyingi ni kichwa kuuma siku chache. Bila hayo maji hawawezi kujua kama ni TB ya ubongo, ama fangasi ya kriptokoka, ama virusi vya hepesi, na hizo zote zinaweza kuvaa nguo ya wazimu pia. Kubali. Ukiwa wewe ndiye mlezi, weka sahihi wewe, usingoje kikao cha ukoo.

Wanaweza pia kumfanyia EEG, wanabandika nyaya kichwani kusoma mawimbi ya ubongo, haiumi. Kwa wagonjwa wa NMDA hiyo EEG mara nyingi inaonyesha kasoro hata pale picha ya MRI ya kichwa imetoka safi. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wanauza ng'ombe kulipia MRI, inatoka haina kitu, wanarudi nyumbani na jibu la "ubongo wake hauna shida, basi ni mapepo". MRI ya wagonjwa wengi wa huu ugonjwa inatoka ya kawaida! Isiwarudishe nyumbani.

Kipimo chenyewe cha antibodi si cha maabara ya kila hospitali, sampuli inaweza kusafirishwa na majibu yakachukua wiki. Muulize daktari kwa heshima, dokta hii inaweza kuwa ensefalitisi ya otoimuni, na kama mnashuku hivyo, mnaweza kuanza dawa kabla ya majibu? Wataalamu walishakubaliana kwenye miongozo yao ya 2016 kwamba dalili, EEG na maji ya mgongo vinatosha kuanza kutibu wakati majibu ya antibodi yanasubiriwa. Na kama watapima, wapime kwenye maji ya mgongo pamoja na damu, maana damu peke yake inakosa baadhi ya wagonjwa. Wakisema wanahitaji daktari wa neva, ombeni rufaa ya Mulago, hospitali kubwa ya Kampala.

Kitu kingine ambacho lazima mtu akitaje ni skani ya tumbo. Utashangaa kichwa kinaugua tumbo linapimwa la nini. Ni hivi, wanawake wengi wenye huu ugonjwa wanakutwa na uvimbe kwenye ovari unaoitwa teratoma, kwenye utafiti mkubwa wa wagonjwa 577 uliotoka 2013 ni karibu nusu ya wanawake. Huo uvimbe unakua kutoka kwenye seli za mayai, kwa hiyo unaweza kuotesha vitu vya mwili mzima, ngozi, mafuta, jino, nywele, na hata vipande vya tishu kama za ubongo. Kinga inauona huo ubongo mdogo mahali usipotakiwa kuwa, inatengeneza antibodi, halafu hizo antibodi zinapanda hadi kwenye ubongo wa kichwani. Ukitolewa mapema mgonjwa anapona haraka zaidi.

Sasa wewe dada wa saluni fikiria daktari anatoa uvimbe tumboni mwa mdogo wako halafu ndani kuna nywele. Fikiria mjomba wako akiona. Fikiria mtaa mzima wa Busia. Ndio maana naandika hapa waziwazi kabla haijatokea: zile nywele ni za mwili wake mwenyewe, zimeota huko ndani kama zinavyoota kichwani, hakuna mtu alizituma. Kama itafika huko, mwambie mama na mjomba kabla ya oparesheni, si baada.

Dawa ya kwanza kwa kawaida ni steroidi, dawa za kutuliza kinga, za dozi kubwa kwa dripu siku 3 mpaka 5, wengine wanaongezewa imunoglobulini (antibodi kutoka damu ya watu wazima wa afya) ama kusafishwa plazma, yale maji ya damu, hizo ni ghali, na zipo dawa nyingine za mstari wa pili kama ya kwanza haikutosha. Lakini wewe unayesoma hapa usikimbie duka la dawa kununua predinisoloni, ambayo nayo ni steroidi, umpe mtu wako nyumbani. Kama tatizo lake kumbe ni TB ama fangasi ya ubongo na hajaanza dawa zake, steroidi peke yake zinaweza kummaliza. Ni za kupewa na daktari baada ya hivyo vipimo nilivyotaja.

Umeniuliza kama ulimchosha na kazi. Hapana mwanangu. Kusuka hakutengenezi antibodi. Wewe ndiye uliyeona siku ile ya kitana kwamba hiki si kiburi wala si mapepo, ukaandika tarehe, wengine wangemfukuza saluni.

Kuhusu Butabika, nimefanya kazi na watu wa akili, nawapenda, na inaniuma jina la hospitali likiwa tusi la mtaani. Daktari mzuri wa akili mara nyingi ndiye anayekua wa kwanza kusema huyu si wa kwangu peke yake, mpigieni wa neva. Kwa hiyo kaka yako hakukosea kutaka hospitali, ila leo, kwa kifafa na kukakamaa huko, aanzie hospitali yenye wodi ya kawaida na oksijeni, kwa sababu hawa wagonjwa pumzi inaweza kusimama na moyo ukaenda ovyo. Wa akili waitwe hapo hapo wasaidie, watatafuta dawa ya kumtuliza isiyomkakamaza. Na habari ya kuolewa, mwambie anayeuliza asubiri mtoto apone kwanza.

Mama usigombane naye. Mpe kazi. Mwambie mchungaji aje aombe wodini, mlango uko wazi, wodi zetu zimejaa maombi kila jioni. Ila mgonjwa asifungishwe kula, huo mwili unaungua nguvu nyingi na kama hawezi kumeza vizuri atawekewa mpira wa chakula puani, mama asishtuke akiuona. Cherehani na draya msiuze kwa ajili ya mganga, pesa ya nauli, chakula cha wodini na vipimo mtaihitaji.

Kupona kupo lakini si wiki 2. Katika wale 577 wengi walitibiwa, na kufikia mwaka wa pili karibu 8 kati ya 10 walikua wanajitegemea au wamebaki na shida ndogo. Vile vijimlango haviuliwi na antibodi, seli inavivuta ndani tu, kwa hiyo antibodi zikipungua vinaweza kurudi. Ila vinarudi taratibu. Mwili utatulia kwanza, halafu maneno, na mwisho kabisa ile akili ya kupanga mambo na kuzuia hasira, hiyo inaweza kuchukua miezi mingi, kuna siku atakujibu kama mtoto wa miaka 8 na utataka kumchapa, vumilia. Baadhi ugonjwa unawarudia, kwa hiyo akitoka usitupe faili, na akianza tena kukosa usingizi na kushuku majirani rudini siku hiyo hiyo.

Lile daftari la saluni litunze vizuri. Wagonjwa wa NMDA wakipona mara nyingi hawakumbuki chochote cha zile wiki, kamba, maombi, safari ya Mbale, vyote vimefutika, na siku moja mdogo wako atakaa hapo saluni akuulize nilikua wapi mwezi ule. Utamfungulia nyuma ya daftari asome mwenyewe.